Tusi Lipitalo kwa Mama

 

Ndugu zetu Waislamu, wanaume kwa wanawake, tumeletewa suali kutoka darsa ya wanawake, nalo limeandikwa kwa hati nzuri na kwa adabu. Wauliza: kwa nini nyinyi masheikh kila mara mwatukataza mkorogo, mwatwambia kuwa twaligeuza umbo la Mungu, wala hatujawasikia hata siku moja mkiwakataza wanaume wasitafute weupe watafutapo wake? Na mama wa kijana ajapo kuposa, hutazama kwanza rangi ya shingo ya msichana, kisha ndipo aulizapo kama ameihitimu Kurani. Mbona huyo hamumhutubii?

Suali hili ni la haki. Tumeona tulijibu katika ukurasa huu wala si darsani tu, kwani wanaopasiwa na jawabu lake zaidi ni wale wasiohudhuria darsa ile.

Hukumu ya mkorogo wenyewe haina taabu, nasi tutaipita upesi. Kitu kinachodhuru mwili ni haramu, na madhara ya dawa hizi yamethibiti kwa matabibu. Zebaki huizuia ngozi kufanya rangi yake, lakini haikai ngozini. Huingia mwilini ikaharibu mafigo na mishipa ya fahamu, na mwanamke mwenye mimba humfikishia mwanawe tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huirudishia ngozi weusi wa namna nyengine, weusi wa kibuluu usiotoka. Dawa za steroidi huikondesha ngozi hata ikawa nyepesi kama ya kitunguu. Mkataba wa Minamata, uliokubaliwa na mataifa mwaka 2013, ulitaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni visitengenezwe wala visipitishwe mipakani baada ya mwaka 2020. Na juu ya hayo dawa zaendelea kuuzwa, kwa kuwa wanunuzi wapo. Anayetaka fatwa tumempa. Lakini fatwa hii haimjibu mwenye kuuliza, kwani yeye hakuuliza kama sumu ni halali. Yeye ameuliza ni nani aliyemfikisha mwanamke hapo hata akaona sumu ni nafuu kuliko rangi aliyopewa na Mola wake.

Na tuanze kwa kisa ambacho kila mwanafunzi wa chuoni amekisikia. Abu Dharr, Mungu awe radhi naye, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kusilimu, na zuhudi yake ni mashuhuri. Siku moja aligombana na mtu akamtia aibu kwa mama yake, kwa kuwa mama huyo hakuwa Mwarabu. Na katika riwaya nyengine hutajwa kuwa aliyetukanwa ni Bilali, na tusi lenyewe lilikuwa weusi wa mama yake. Habari ikamfikia Mtume, rehema na amani zimshukie. Akamuuliza Abu Dharr kama kweli amemtukana mtu kwa mama yake, kisha akamwambia kuwa yeye ni mtu ambaye ndani yake mngali mna ujahilia.

Wahubiri huisoma hadithi hii wakasema: tazameni, Uislamu wakataza ubaguzi wa rangi. Wasema kweli, lakini wameacha nusu. Waliogombana ni wanaume wawili. Yule mama hakuwapo, hakunena neno, wala hakumkosea mtu. Lakini alipotaka mwanamume kumuumiza mwanamume mwenziwe, mwanamke yule ndiye aliyeokotwa akafanywa jiwe la kutupia. Tusi la rangi lilipita kwa mama. Na Mtume, katika maneno yake machache, alimtaja mama waziwazi.

Sisi watu wa Pwani tukitaka kumshusha mtu, je, hatusemi hivyo hivyo mpaka leo? Twauliza, ati mama yake alikuwa nani? Nyanya yake si alitoka bara? Baba huwekwa juu ya ukuta pamoja na nasaba yake, na mama mweusi hufichwa. Masultani waliotawala Unguja baada ya Seyyid Said, yaani Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wote walikuwa wanawe, na wote mama zao walikuwa masuria. Sheria yetu haikuwapunguzia kitu kwa hilo, kwani mwana wa suria ni mwungwana na humrithi babake sawa na nduguze. Lakini hao mama zao, ni wangapi wetu tuwajuao hata kwa majina? Na ilipotolewa amri ya kufuta utumwa Unguja mwaka 1897, masuria hawakuingizwa katika amri ile. Walingoja hadi mwaka 1909. Watu wengine wote walipokuwa wakienda kudai uhuru wao, mwanamke aliyekuwa kitandani mwa bwana alihesabiwa kuwa ni mambo ya nyumbani, si mambo ya serikali.

Kuna wasomi wa Marekani waliolitambua jambo hili kwa njia yao. Wanawake weusi walikishitaki kiwanda cha magari wakidai wamebaguliwa, na mwaka 1976 mahakama ikawakatalia kuyaunganisha mashtaka mawili, la rangi na la uke. Kiwanda kilikuwa kimeajiri wanawake, lakini weupe, kwa kazi za ofisini. Na kilikuwa kimeajiri weusi, lakini wanaume, kwa kazi za mitambo. Basi mwanamke mweusi alianguka katikati ya viti viwili. Mwaka 1989 bibi mmoja mwalimu wa sheria, Kimberlé Crenshaw, aliandika juu ya kesi ile akaonyesha kuwa dhuluma mbili zikikutana juu ya mtu mmoja huwa kitu cha tatu, wala hazionekani na mwenye kuzitazama moja moja.

Wako watakaotwambia kuwa hizo ni fikra za Kizungu zilizoletwa kuwaharibu wanawake wetu. Twawajibu: si kila lisemwalo na wanawake wa Marekani twalikubali, na yako tunayoyakataa kwa dalili. Lakini hili la mtu kudharauliwa kwa rangi na kwa uke pamoja tumelikuta katika Sahihi ya Bukhari, kwa karne nyingi kabla ya hiyo Marekani. Haifai tukiache kilicho chetu kwa sababu jirani naye amekiokota.

Sasa tuje katika mambo yawafunzayo watoto wetu, kwani mtoto hapewi mafunzo na chuo peke yake. Yeye hufunzwa na nyimbo za harusini, na filamu, na picha za matangazo, na simu aliyo nayo mkononi usiku kucha.

Mabibi wa Mombasa na Lamu na Malindi wamezitazama filamu za Kihindi tangu zama za mama zao, na aghalabu shujaa wa kike ndani yake huwa mweupe. Mwaka 1975 ilianza kuuzwa India krimu iitwayo Fair & Lovely, na kwa miaka mingi matangazo yake yalikuwa na hadithi ile ile: msichana mweusi hana kazi wala mume, apaka, aeupa, apata vyote viwili. Mwaka 2020, dunia ilipoghadhibika kwa kuuawa Mmarekani mweusi George Floyd chini ya goti la askari, wenye krimu hiyo walilibadilisha jina, wakaiita Glow & Lovely. Jina limebadilika, na alama ya dhana ile imebaki nyoyoni mwa wanunuzi. Mwaka kabla ya hapo, yaani 2019, ilitoka filamu ya Kihindi iitwayo Bala, iliyokusudia kuwakemea wanaomdharau mwanamke mweusi. Nia ni njema. Lakini walipotafuta wa kuigiza huyo mwanamke mweusi, walimchukua mwigizaji asiye mweusi wakampaka rangi. Yaani hata katika kisa chake mwenyewe mwanamke mweusi hakupewa nafasi ya kusimama.

Na tusiwanyoshee kidole Mabaniani tukawaacha ndugu zetu katika dini. Mwezi wa Ramadhani wa mwaka huo huo wa 2019, katika vichekesho vya televisheni ya Kiarabu, mchekeshaji mwanamke wa Misri alijipaka weusi usoni, akaigiza bibi wa Kisudani ndani ya basi, mwenye kelele na asiye na adabu, ili wafungao wapate kucheka. Wasudani na Waarabu wengi walikasirika, nao walikuwa na haki. Angalieni wakati wenyewe. Mwezi wa Aprili wa mwaka ule ule, mabibi wa Kisudani walikuwa mabarabarani mwa Khartoum kwa maelfu, na picha ya msichana mmoja mwenye thobu nyeupe, amesimama juu ya gari akiwahutubia watu, ilizunguka dunia nzima. Omar al-Bashir aliangushwa tarehe 11 ya mwezi huo. Wanawake wale walikuwa wamekabili bunduki. Na kabla mwezi mmoja haujapita sana, mfano wao uliletwa mbele ya mamilioni ya Waislamu kuwa ni kichekesho cha baada ya futari.

Ama sisi wenyewe, tuna habari ya Siti binti Saad wa Unguja. Hatuzungumzi hapa hukumu ya nyimbo na ala, maana hilo lina mahali pake na tumekwisha kulieleza. Twamtaja kwa lingine. Alizaliwa Fumba, katika wazazi waliokuwa watumwa, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Alifanya kazi ya kuuza vyungu. Alipokwenda mjini akatokea kuwa mwimbaji, na mwaka 1928 alikwenda Bombay akatiwa sauti yake katika sahani za santuri, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata hilo. Basi wenye husuda walimtafutia nini? Hawakusema sauti yake mbaya, kwani isingewezekana. Walisema sura yake mbaya na asili yake duni. Hata hivyo bibi huyo aliyedharauliwa ndiye aliyeuimba wimbo wa Kijiti, kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akakimbia, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokuwa pamoja naye. Mambo ambayo wakubwa wa mji waliyanyamazia, mwana wa mtumwa aliyasema. Mwaka 1950 alifariki, Mungu amrehemu.

Leo nyimbo zetu zamsifu nani? Msikilizeni mwimbaji wa harusini: mpenzi mweupe, mpenzi rangi ya chungwa, na akizidi sana atafika maji ya kunde. Bibi harusi naye, baada ya liwa na singo na hina, ambavyo ni mapambo mema ya mama zetu yasiyo na dhara, hupakwa uso unga wa rangi isiyo yake hata uso na mikono vikawa vya watu wawili. Kisha picha hutiwa weupe tena ndani ya simu. Mume akiamka asubuhi amkuta mtu mwengine, na msichana yeye ajua tokea usiku ule kuwa aliyeolewa si yeye.

Mwananchi mwenzetu Lupita Nyong'o, mwigizaji aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2014, si wa dini yetu, lakini alisema jambo mwaka huo huo ambalo lilituingia. Alieleza kuwa alipokuwa mtoto alikuwa akimwomba Mungu aamke asubuhi awe na ngozi nyeupe zaidi, na kila asubuhi alikimbilia kioo kutazama kama dua imekubaliwa. Akasimulia pia barua ya msichana aliyekuwa karibu kununua dawa ya kujichubua, akaacha alipomwona yeye. Enyi wazazi, ni watoto wangapi katika nyumba zetu, wenye msala na tasbihi, waliomwomba Mwenyezi Mungu dua ile? Naye ametwambia katika Sura ya Rum kuwa kutofautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu ni miongoni mwa ishara zake. Basi mtoto yule amefundishwa kumwomba Mungu afute ishara yake mwenyewe, na mwalimu wake ni sisi.

Linganisheni na mwanamke mwengine. Ibn Abbas alimwambia mwanafunzi wake Ataa kama anataka aonyeshwe mwanamke wa watu wa peponi, kisha akamwonyesha mwanamke mweusi. Mwanamke huyo alikuwa na kifafa, alimwendea Mtume akamshitakia kuwa huanguka na nguo zikamfunuka. Mtume akamhiyarisha: akitaka asubiri apate pepo, au amwombee apone. Akahiyari kusubiri, ila aombewe asifunuke, naye akamwombea. Mtu huyu alikuwa na haja mbele ya Mtume wa Mungu na mlango wa dua u wazi, akataja maradhi yake na sitara yake. Rangi yake hakuitaja. Ibn Abbas aliitaja ili Ataa apate kumtambua tu, kama mtu asemavyo, yule mrefu.

Na mwengine alikuwa akifagia msikiti wa Madina, naye pia mweusi. Alipokufa masahaba walimzika usiku bila kumwarifu Mtume, kama waliodhani jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa akauliza, akawalaumu, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamswalia.

Sasa twarudi kwa wanaume, na hasa mawalii, kwani suali letu lilikuwa kwao.

Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureshi, alipotoka edani aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, wote wawili Makureshi. Akamwendea Mtume kutaka shauri. Akamwambia kuwa Muawiya ni fukara hana mali. Na Abu Jahm haiweki chini fimbo yake. Akamwelekeza aolewe na Usama bin Zaid. Usama ni nani? Babake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, na mamake ni Ummu Ayman, mwanamke wa Kihabeshi, aliyemlea Mtume mwenyewe, na ambaye Abubakar na Omar walikuwa wakienda kumzuru baada ya Mtume kufariki, kwa kuwa yeye alikuwa akimzuru. Usama alikuwa mweusi hata wajinga wakatia shaka nasaba yake kwa babake aliyekuwa mweupe. Fatima mwanzo hakumpenda, nayo ni haki yake kusema. Mtume alipomrudilia, akaolewa naye; na yeye mwenyewe amehadithia kuwa Mungu alitia kheri ndani ya ndoa ile hata wanawake wakamwonea wivu.

Ndugu zetu, hadithi hii imo katika Sahihi ya Muslim, na yatosha kuivunja mizani yetu yote. Mwanamume wa nasaba apigaye wanawake ameachwa, na mweusi mwana wa mtumwa mwenye tabia njema ametangulizwa. Ni mawalii wangapi katika mji huu wamefanya kinyume chake, wakampa binti yao mwenye fimbo kwa kuwa ni mweupe wa ukoo, wakamrudisha mwalimu wa chuo mwenye dini kwa kuwa ni mweusi? Twawajua, nao wajijua.

Watatutolea mlango wa kafaa. Vyema. Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu kisomwacho Pwani yote, ametaja mambo ya kafaa kwa madhehebu yetu ya Kishafii: kusalimika na aila, uungwana, nasaba, utawa, na kazi. Rangi haimo. Ukiisoma kutoka ukurasa hadi ukurasa hutaiona. Ama uungwana, uliowekwa ili kumpambanua huru na mtumwa, leo wa kupambanuliwa hawapo. Utumwa ulifutwa Pwani ya Kenya mwaka 1907, na kila kijana ajaye kuposa amezaliwa huru, na babake amezaliwa huru. Anayempekua babu wa babu yake ili amtafutie mnyororo, hafanyi fikihi. Ama nasaba, imetajwa; lakini maimamu wetu wamesema kuwa ni haki ya mwanamke na walii wake, wakiridhika wote wawili ndoa ni sahihi, na Imamu Malik yeye amelitazama zaidi jambo la dini. Basi walii asiseme sheria imemfunga mikono. Mikono yake i wazi. Ni moyo wake uliofungika.

Na nyinyi mama wa vijana, mwendao kuposa, msiseme sheikh amewasahau. Aya ya Sura ya Hujurati haikutosheka kuwakataza watu jumla wasidharauliane. Ikawataja wanawake peke yao, wasiwadharau wanawake wenzao. Mtazamapo shingo ya binti wa watu, mkumbuke kuwa yeye naye yuasikia mnenayo mkitoka mlangoni.

Waliotuandikia suali wameomba pia wasomewe mlango huo wa kafaa katika Minhaji, herufi kwa herufi. Tumekubali. Utasomwa siku nne za Jumatano mfululizo baada ya swala ya Isha, wanaume msikitini na wanawake ukumbini watasikia kwa kipaza sauti, na maswali ya pande zote yatapokewa kwa maandishi. Mwenye dalili kuwa rangi ni sharti ya ndoa na aje na kitabu chake.